Oili Inayovuja na Taa ya Oili: Nasaha kwa Wenye Magari ya Dizeli ya Zamani



Baadhi yenu mmetutaka tueleze katika ukurasa huu sababu za oili kuvuja katika magari ya dizeli ya zamani, na namna ya kujua kama taa nyekundu ya oili inasema kweli au inasema uongo. Twaona yafaa jambo hili lielezwe kabla ya msimu wala si katikati yake, maana gari likiharibika siku ya uchumaji hapana nafasi ya kulitazama kwa utulivu.

Wengi wetu twachukua karafuu kwa magari yaliyokwisha kula miaka mingi, khasa pikapu za Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L. Ni magari mavumilivu, na mafundi wa Unguja na Pemba wayajua vyema. Lakini uzee una mambo yake. Oili huanza kutoka kama jasho hapa na pale, na taa ya oili huwaka wakati isipotazamiwa. Mwenye gari huongeza oili kila Ijumaa, na taa huiita mwongo. Hapo ndipo khasara ianzapo.

Khasara yenyewe haiishii katika gari. Karafuu mbichi zikikaa zimerundikwa ndani ya magunia kungojea gari, hupata joto na kuvunda, na zikianikwa hutoka mpeta badala ya karafuu safi. Tena karafuu ni kitu cha kunukia, na hushika harufu nyingine upesi. Gunia lililolazwa juu ya bodi lenye oili au dizeli laweza kuharibu kazi ya wachumaji ya siku nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, gari linalovuja lisiegeshwe kabisa juu ya sakafu ya kuanikia.

Kutafuta panapovuja

Kosa lililo kubwa ni kuanza kufungua nati kabla ya kujua oili yatoka wapi. Oili huteremka, na upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hivyo tone lionekanalo chini ya giaboksi huenda limetoka juu kabisa mbele ya injini.

Kwanza, jueni ni mafuta gani yanayovuja. Lazeni boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi yatazameni matone. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali. Mafuta mekundu aghlabu ni ya usukani. Dizeli ni nyepesi, na harufu yake haimpotezi mtu.

Pili, osheni injini. Pakeni mafuta ya taa kwa brashi injini ikiwa baridi, kisha sabuni na maji kidogo, mkifunika alternata na mdomo wa chujio la hewa. Ikikauka, nyunyizeni unga wa chaki pale mnapopashuku. Endesheni gari mwendo wa robo saa, kisha lizimeni na mtazame kwa tochi. Shikeni kanuni hii: palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote penye unyevu, hapo ndipo penye chanzo.

Haifai kudharau tone dogo. Matone 20 ni kiasi cha mililita 1. Tone moja kila dakika ni matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72, na baada ya siku 14 imekwenda lita 1. Katika magari mengi, baina ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti cha kupimia mna kiasi cha lita 1 tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vile vile.

Mahali panapovuja mara kwa mara

Kabla ya sili yo yote kubadilishwa, tazameni bomba la kupumulia injini. Moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia chini, na huo hauna budi kutoka. Bomba likiziba kwa masizi, moshi huo huisukuma oili itoke popote inapopata njia. Mtu hubadilisha sili tatu na oili ingali inavuja, kumbe dawa yake ilikuwa kulisafisha bomba kwa dizeli na kulipuliza. Bomba likiwa safi, na bado moshi unatoka kwa kishindo mdomo wa kutilia oili ukifunguliwa, basi ringi za pistoni zimekwisha, na hilo ni jambo jingine kubwa zaidi.

Gasketi ya kifuniko cha vali hukakamaa kwa joto. Wengi hukaza nati zaidi ili kuzuia oili. Kufanya hivyo hukipinda kifuniko, na uvujaji ukazidi. Dawa ni gasketi mpya, nyuso mbili zilizosafishwa vizuri, na nati kukazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda kando. Oili inayovuja nyuma ya kifuniko hicho huteremka mpaka kwenye klachi, na fundi asiyetazama juu huteremsha giaboksi bure akidhani ni sili ya nyuma ya kranki.

Katika injini hizi za Toyota, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alternata, nayo hupata oili ya injini kwa mabomba. Mabomba hayo ya mpira huchakaa. Sili ya pampu ikifa, oili huingia ndani ya alternata, na ikasemwa kwamba alternata ni mbovu.

Uvujaji wa mbele ndio wenye khatari zaidi. Sili ya mbele ya kranki au ya kemshafti ikivuja, oili huulowesha mkanda wa taimingi. Mkanda uliolowa oili huoza, na ukikatika, vali hugongana na pistoni. Hapo hapana subira: sili na mkanda hubadilishwa pamoja.

Chujio la oili nalo lina mambo yake. Likitolewa, hakikisheni kuwa ringi ya mpira ya zamani imetoka nalo. Ringi mbili zikipandana, oili yote yaweza kumwagika njiani kwa muda mfupi. Ringi mpya ipakwe oili kidogo, na chujio likazwe kwa mkono, kiasi cha robo tatu za mzunguko baada ya ringi kugusa. Nati ya kumwagia oili ipewe washa mpya.

Neno moja juu ya gundi ya silikoni. Ikipakwa nyingi, ile inayozidi hubanwa kuelekea ndani, hukatika vipande, na kwenda kuziba wavu unaokinga pampu ya oili. Hivyo mtu akakomesha tone moja, na akaiua injini nzima.

Taa ya oili inasema nini?

Wengi hudhani taa hii hupima wingi wa oili. Sivyo. Hupima msukumo wake, ambao mafundi huuita presha. Kando ya injini pana swichi ndogo yenye waya mmoja. Injini ikiwa imezimwa, swichi huuunganisha waya ule na chuma cha injini, na taa huwaka. Pampu ikianza kusukuma, oili huitenga swichi na taa huzimika. Kwa hivyo gari laweza kupungukiwa na oili sana na taa isiwake. Itawaka labda katika kilima au kona, pampu ikivuta hewa badala ya oili. Njia za Pemba zina vilima vingi, basi taa iwakayo mara moja katika mpando haifai kupuuzwa.

Katika Hilux nyingi za dizeli kuna taa nyingine zinazochanganywa na hii. Iliyoandikwa T-BELT hukumbusha kubadilisha mkanda kila kilomita 100,000, na nyingine huonya kwamba pana maji katika chujio la dizeli. Taa ya oili ina picha ya kopo lenye mdomo, linalodondosha tone.

Taa ya oili ikiwaka njiani, simameni mahali pa salama na mzime injini mara moja. Ngojeni kiasi cha dakika 10, kisha tazameni kijiti. Oili ikiwa chini ya alama, ongezeni. Ikiwa ni ya kutosha na taa ingali inawaka injini ikiwashwa, gari livutwe. Lisiendeshwe mpaka lipimwe hivi:

1. Fungueni ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au waya umekatika. Huu ndio uongo mbaya kuliko wote, maana taa haitasema lo lote siku ya msiba.

2. Chomoeni waya kwenye swichi, ufunguo ukiwa wazi na injini imezimwa. Taa lazima izimike. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma. Ufuateni mpaka mpaone mahali penyewe.

3. Taa ikizimika, waya ni mzima. Imebaki ama swichi ni mbovu, ama msukumo ni mdogo kweli. Hapa hapana kubahatisha. Fundi atoe swichi, atie geji mahali pake, aipashe injini moto na asome. Katika injini za 2L na 3L, msukumo katika sailensi usipungue 0.3 ya kilo kwa sentimita mraba, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika uwe baina ya 2.5 na 6.

4. Geji ikionyesha msukumo mzuri, swichi ndiyo mwongo. Ni kitu cha bei ndogo, wala hakitengenezwi, hubadilishwa. Mkiona oili imelowesha kichwa chake na waya wake, imekwisha kupasuka ndani. Swichi mpya isivishwe utepe mwingi kwenye meno yake, kwa kuwa umeme hupita katika meno hayo kwenda kwenye chuma. Utepe ukizidi, taa haitawaka tena hata oili ikikauka.

Taa inayopepesa katika sailensi injini ikiwa moto, kisha ikazimika gari likitiwa moto, si taa ya uongo. Huenda oili imekuwa nyepesi, au pampu na beringi zimechakaa. Nuseni kijiti: kikinuka dizeli, na oili imepanda badala ya kushuka, basi dizeli inachanganyika nayo, mara nyingi kwa nozeli mbovu. Oili hiyo imwagwe, na sababu itafutwe.

Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala chini ya mikarafuu. Iwekwe katika debe na kupelekwa kwa wenye gereji.

Mambo haya yote twaweza kuyafunga kwa maneno manne: osha, tazama, pima, ndipo ufungue. Gasketi, washa na swichi ni vitu vidogo, na fundi huvimaliza kwa siku moja. Injini iliyokwama kwa kukosa oili huchukua fedha ya magunia mengi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twawaomba wanachama wayatazame magari yao kabla ya wachumaji kupanda mitini, na twawatakia nyote mavuno mema.