Mfuko wa Hewa Hauongezi Tani

Kila msimu wa likizo swali huja kwa maneno yale yale: "Nikifunga mifuko ya hewa nyuma, gari langu litavuta tani ngapi?" Huuliza Mwaustralia anayetaka kuvuta karavani kutoka Perth hadi Broome, na huuliza pia mwenye Hilux wa Arusha anayepanga kwenda Ziwa Natron na tela la kambi. Wote wawili jibu lao ni moja. Gari litavuta tani zile zile lilizopewa na kiwanda, bila kuongezeka hata kilo moja.

Mifuko inayozungumziwa hapa si ile inayofumuka kwenye usukani wakati wa ajali. Ni ya mpira mzito, hufungwa kati ya ekseli ya nyuma na chasisi, kisha hujazwa upepo ili mkia wa gari uliozama kwa mzigo upate kunyanyuka. Kunyanyua mkia inaweza, na inafanya vizuri. Kosa ni la anayeona mkia umenyanyuka akadhani uzito umepungua.

Imani hiyo imeota mizizi kwa sababu jicho linadanganyika kirahisi. Muuzaji anaonyesha picha mbili: ya kwanza gari limekaa chini, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, ya pili limesimama sawa, limenyooka. Mnunuzi anatoa pesa. Katika picha zote mbili mzigo ni ule ule, ekseli ni ile ile, matairi, beringi na breki ni vile vile. Kilichobadilika ni urefu kutoka ardhini, basi.

Majina ya biashara nayo yanachangia kupotosha. Kampuni ya Air Lift ya Michigan, Marekani, iliyoanza mwaka 1949, inauza mifuko inayoitwa LoadLifter 5000, yaani inaweza kusawazisha mzigo wa hadi pauni 5,000, karibu kilo 2,270. Mtu anaisoma namba hiyo kwenye boksi na kuijumlisha na uwezo wa pikapu yake. Lakini hiyo ni nguvu ya mpira na upepo ndani yake, na kampuni hiyo hiyo inaonya katika maelekezo yake kwamba kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji wa gari kisipitwe. Firestone, wanaotengeneza mifuko ya aina hii pia, wanatoa onyo hilo hilo. Onyo limechapishwa, tena linasomeka. Wenye magari wanalipuuza kwa makusudi, na mafundi wanaowafungia mifuko hiyo bila kuwauliza wanabeba nini wana sehemu yao ya lawama.

Tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo imani hii inapoanguka. Hilux ya milango minne ina takriban milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tufe la kuvutia tela liko kama mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Karavani ya tani tatu iliyopakiwa vizuri hukandamiza tufe hilo kwa takriban kilo 300, kwa kanuni ya asilimia kumi. Wengi hudhani ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 300. Sivyo. Kwa kuwa uzito huo unaning'inia nyuma ya ekseli, unafanya kazi kama wenzo: ekseli ya nyuma inaongezewa karibu kilo 420, na ya mbele inapunguziwa karibu kilo 120. Matairi ya mbele, yanayopiga kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamekuwa mepesi. Ukijaza upepo kwenye mifuko, mkia utapanda na bodi itakaa sawa, lakini zile kilo 120 hazirudi mbele. Dereva anaendesha gari lililonyooka kwa macho na jepesi kwenye usukani, akishangaa kwa nini karavani inamchezesha kila lori linapompita.

Kuna jambo baya kuliko hilo, nalo ni chasisi.

Pikapu nyingi, Hilux, Ranger na D-Max zikiwemo, zina springi za bapa nyuma, yale mapande ya chuma yaliyolaliana. Springi ya namna hiyo imeshikwa na chasisi kwenye ncha zake mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, kwa hiyo uzito unaingia kwenye chasisi katika sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita moja. Mhandisi aliyeichora chasisi aliikadiria hivyo. Mfuko wa hewa unakuja kukaa katikati, juu ya ekseli, na kadiri unavyojazwa ndivyo unavyochukua mzigo kutoka kwenye zile ncha mbili na kuusukumia mahali pamoja. Mbele kuna kabini na injini, nyuma kuna bodi iliyojaa mizigo na karavani inayodunda juu ya tufe. Ndivyo kuni inavyovunjwa gotini.

Kwenye lami laini huenda lisitokee lolote kwa miaka. Lakini wenye karavani za Australia hawaishii kwenye lami. Wanaingia Gibb River Road kule Kimberley, takriban kilomita 660, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi na mawimbi ya ardhi yanayolipiga gari bila kupumzika. Kila pigo linainua mkia wa gari na kuushusha, na chasisi inapinda kidogo na kurudi, inapinda na kurudi, hadi siku isiporudi. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Natron ina mawimbi ya namna hiyo hiyo.

Chasisi iliyopinda inajulikana hata kabla ya kuingia chini ya gari. Simama ubavuni uangalie mwanya kati ya kabini na bodi ya nyuma. Kwenye gari zima mwanya huo ni sawa juu na chini. Kwenye gari lililopinda ni mpana juu na mwembamba chini, kwa sababu mkia umeshuka. Kisha inama utazame reli ya chasisi chini ya mwanya huo: rangi imepasuka kwa mistari myembamba, na kutu inaanza kuchungulia. Gari la hivyo linaweza kunyooshwa na kuchomelewa viraka. Kurudishiwa uimara wake wa mwanzo ni habari nyingine.

Magari yenye springi za mviringo nyuma, kama Prado, yako katika hali tofauti kidogo. Mfuko unakaa ndani ya springi yenyewe, na uzito unaingia kwenye chasisi mahali palepale palipokusudiwa. Hatari ya kupinda ni ndogo, lakini kikomo cha uzito hakijasogea.

Kwa pikapu ya springi za bapa, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, anayeongeza pande moja la springi linalolingana na yaliyopo anaihurumia chasisi kuliko duka la kisasa lenye mifuko na kompresa, maana uzito bado unapitia kwenye ncha zile mbili. Gari litakuwa gumu likiwa tupu, na kikomo kitabaki kile kile, lakini halitakunjwa katikati.

Ambaye bado anaihitaji mifuko hiyo, ashike haya. Springi zilizochoka zibadilishwe kwanza, na shokapu pia, kwa sababu mfuko hauna uwezo wa kutuliza mdundo. Kila mfuko uwe na bomba lake la kujazia. Ukiunganisha miwili kwa bomba moja, kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili na gari linalala. Mifuko midogo ya ndani ya springi za mviringo, kama Air Lift 1000, haipiti psi 35. Karavani ikifunguliwa, punguza hadi kima cha chini, kwa kawaida psi 5, wala usiache mfuko bila upepo kwa sababu utajikunja na kukatika. Bomba la moshi likae mbali. Mzigo usisukumwe nyuma ya karavani ili kuupunguzia mkia wa gari uzito. Hapo ndipo karavani inapoanza kuyumba. Kurudisha uzito mbele ni kazi ya vyuma vya kugawa uzito vinavyofungwa kwenye kishikio, ikiwa kitabu cha gari kinaviruhusu, na hulegezwa kabla ya kuvuka makorongo.

Jambo la mwisho ni mizani. Hilux ya Australia yenye kikomo cha kilo 3,050 kwa gari lenyewe na kilo 5,850 kwa gari na karavani pamoja, ikishajazwa hadi kikomo chake, inabaki na kilo 2,800 tu za kuvuta, hata kama tangazo limeandika 3,500. Kabla ya kununua mifuko, pakia kila kitu, maji, mafuta na abiria wakiwemo, uende kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari na karavani pamoja, ulinganishe na vikomo vilivyoandikwa kwenye kibati na kwenye kitabu cha gari. Namba zikizidi, shusha mzigo au tafuta gari kubwa zaidi.