Mwulize Alimkaba Nani

Msomaji, ikiwa mwanao anasoma shule ya bweni huko Meru au Embu, muhula wa kwanza ndio msimu wa mpira wa vikapu katika mashindano ya shule za sekondari. Akirudi nyumbani utamwuliza: "Ulifunga pointi ngapi?" Swali hilo, nasikitika kusema, huua walinzi wengi kabla hawajachipuka.

Kumbuka Februari 2021, mjini Yaounde, Kenya ilipoilaza Angola 74-73 na kurejea fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Wote wanamkumbuka Tylor Ongwae akitumbukiza mpira wa mwisho. Lakini mpira huo ungefaa nini kama Angola, mabingwa mara 11 wakati huo, wangeachwa wafunge 80?

Ulinzi hauanzi na mikono, kama wengi wadhanivyo. Huanza na miguu. Kijana apinde magoti, ashushe kiuno, kisha ateleze kando bila kupishanisha miguu. Akipishanisha, mpinzani atampita huku yeye angali akijinasua. Macho yatazame kiuno cha mpinzani. Mpira hudanganya, kichwa hudanganya, lakini kiuno hakiendi popote pasipo mwenyewe. Anayekimbilia kupokonya hujaza makosa matano upesi, naye huimalizia mechi benchi.

Hapa ndipo shule yenye mpira mmoja kwa wanafunzi 30 haina sababu ya kulia. Kurusha kunahitaji zamu. Kuteleza hakuhitaji mpira. Wapangwe wawili wawili, mmoja akimbie akipindapinda, mwenzake amfuate mikono ikiwa nyuma, mita 28 za uwanja. Dakika kumi kila jioni zatosha kumtambua mwenye moyo. Ila mvua za masika zikishuka na saruji ikiloa, waache. Kifundo kilichoteguka hakimkabi mtu.

Jambo gumu zaidi ni mdomo. Mlinzi wa nyuma huona yote, hivyo ni lazima apaze sauti: "Kushoto!" "Nisaidie!" Sasa mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa atamfokeaje mwenzake wa darasa la juu? Nionavyo mimi, kocha akitangaza mapema kwamba uwanjani hakuna mkubwa wala mdogo, nusu ya kazi imekwisha.

Wala usivunjike moyo ikiwa wako amechelewa kuanza. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki 2024, aliushika mchezo huu akiwa tayari kijana mkubwa, na akatangazwa mlinzi bora wa ligi ya NBA ya Marekani mara nne. Alikuwa na urefu wa mita 2.18, ni kweli, lakini warefu wasiojua kukaba nao wamejaa tele.

Mzazi, akikulalamikia maumivu chini tu ya pia ya goti, usimwite mvivu. Vijana wanaorefuka haraka na kurukaruka hupata maumivu hayo. Ampunguzie goti kazi, na yakizidi aonwe na daktari.

Na ukipata nafasi ya kutazama mechi yake, usihesabu vikapu. Mtazame anayemkaba, uhesabu ni mara ngapi huyo amelazimika kuutoa mpira kwa mwenzake kwa kukosa njia. Jioni mwulize habari za huyo.