Bajeti kama Silaha: Upinzani dhidi ya Kuunganishwa kwa Shule katika Kaunti ya Prince Edward, Virginia, 1951–1964

Upinzani dhidi ya kuondolewa kwa ubaguzi wa rangi katika shule za Marekani hukumbukwa zaidi kwa matukio ya Little Rock mwaka 1957, ambako askari waliwasindikiza wanafunzi tisa Weusi hadi shuleni. Katika Kaunti ya Prince Edward, jimboni Virginia, silaha iliyotumika ilikuwa bajeti.

Chimbuko la mgogoro huo lilikuwa mgomo. Tarehe 23 Aprili 1951, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenzake kutoka madarasani katika Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton, mjini Farmville. Shule hiyo ya Weusi ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wapatao 180, lakini ilikuwa na zaidi ya 450, na baadhi yao walisomea katika mabanda yaliyoezekwa karatasi za lami. Wanafunzi walidai jengo bora tu. Mawakili wa NAACP ndio walioshauri kwamba kinachopaswa kushtakiwa ni utengano wenyewe. Kesi yao ikawa mojawapo ya kesi tano zilizoamuliwa pamoja katika shauri la Brown, tarehe 17 Mei 1954.

Hukumu hiyo haikuweka muda wa utekelezaji, nayo ya mwaka 1955 ilitaka haraka bila kutaja tarehe. Mwanya huo ulitumiwa vilivyo. Mwaka 1959, mahakama ilipoamuru shule za kaunti zichanganye wanafunzi ifikapo Septemba, halmashauri ilikataa kutenga fedha za elimu, na shule zote za umma zikafungwa. Watoto Weupe walihamia shule ya binafsi, ambayo kwa muda ilinufaika na ruzuku za karo na nafuu ya kodi. Watoto Weusi wapatao 1,700 hawakuwa na shule. Baadhi walipelekwa kwa jamaa katika majimbo mengine, wengine walifundishwa makanisani, na wengi hawakusoma kabisa. Ikumbukwe kwamba milango ilifungwa kwa wote, ila upande mmoja tu ndio uliokuwa na mlango mwingine.

Mwaka 1963 zilifunguliwa shule za bure kwa fedha za wafadhili, na tarehe 25 Mei 1964 Mahakama Kuu ilibatilisha ufungaji huo. Shule za umma zilipofunguliwa tena, Weupe wengi walibaki katika shule yao. Mtoto Mweusi aliyetarajiwa kuanza darasa la kwanza mwaka 1959 akiwa na miaka sita, sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja.