Mwalimu wa Usingizi Naye Apewe Heshima



Kila Mei Mosi tunawapa vyeti wafanyakazi hodari: mchumaji chai, fundi mitambo, karani. Safari hii nataka kumsifu mfanyakazi ambaye wengi wetu hatumjui hata kama tumelala mikononi mwake. Huyo ni muuguzi wa usingizi anayefundisha wanafunzi ndani ya chumba cha upasuaji.

Mke wangu alijifungua kwa kupasuliwa. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho akisikia kila neno. Aliyeshika sindano alikuwa mwanafunzi, na mkono ulimtetemeka. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake lakini hakumnyang'anya. Alisema tu, "Polepole, mdogo wangu. Mama hakimbii." Hata mke wangu alicheka. Kisha mwanafunzi akaambiwa apitishe pamba ya spiriti tumboni na kumwuliza mama kama anasikia baridi, maana kisu hakishikwi kabla ya jibu hilo.

Baadaye kidogo mke wangu akashikwa na kichefuchefu, macho yakaona giza. Mwalimu akauliza, "Mama amekwambia kitu. Unatazama nini kwanza?" Mwanafunzi akatazama presha, akakuta imeshuka. Wakamwinamisha mama upande wa kushoto ili uzito wa mimba usikandamize mishipa mikubwa ya damu, wakaongeza maji na dawa. Presha ikapanda. Mtoto akalia.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashine za kumenya kahawa mnaelewa. Kumnyang'anya mwanagenzi kazi ni rahisi, na kumwacha peke yake ni rahisi zaidi. Shida ni kusimama karibu, mkono tayari, mdomo umetulia. Na mashine ikiharibika hununuliwa kipuri.

Kazi hii ina wakubwa wake wa zamani. Mwaka 1906 muuguzi Alice Magaw wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowapa usingizi, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya usingizi huo. Watu walisafiri kwenda Rochester, kwenye hospitali ya akina Mayo, kumtazama akifanya kazi.

Kwetu Burundi wanaotoa usingizi ni wauguzi kuliko madaktari. Tarehe 1 Mei 2006, siku yetu wafanyakazi, ilitangazwa kwamba kujifungua hospitalini na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure. Akina mama wakajaa hospitali. Hapa kwetu, Kibuye kuna hospitali tangu 1946, nayo ni ya kufundishia pia. Lakini muuguzi anayefundisha mara nyingi ana zamu yake kamili kama wenzake, na mafunzo yanawekwa juu ya zamu hiyo. Cheti peke yake hakitoshi. Saa za kufundisha zihesabiwe kuwa saa za kazi, na wanafunzi wenyewe waulizwe nani anastahili, kwa sababu mkuu wa hospitali hasimami kwenye kichwa cha meza ya upasuaji.

Mke wangu hakuuona uso wa mwalimu yule, ulifunikwa. Mtoto alipotimiza mwezi alirudi kuuliza jina. Ninalo kwenye daftari langu, na nitalipeleka kwenye mkutano wa tawi kabla ya Mei Mosi. Mwenye jina jingine alilete.