Mama Mzee na Wataalamu Wake

Ukipanda daladala ya kwenda Malimbe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, aghalabu utaketi karibu na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino aliyekumbatia bunda la karatasi. Karatasi hizo ni maswali ya utafiti. Mmoja anakwenda mwaloni Kirumba kuwauliza akina mama wachuuzi wa dagaa habari za mikopo. Mwenziwe anakwenda mahakamani kupekua majalada ya mirathi. Wa tatu anamtafuta mzee atakayemsimulia habari za watemi wa zamani. Abiria huwatazama, na mara nyingine husikika mtu akinong'ona: hawa nao, kila mwaka wanauliza, wanatafuta nini?

Swali hilo nililisikia tena, tena kwa sauti kubwa, nyumbani kwa shangazi wa mke wangu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu kisicho mbali na ufuko wa Ziwa. Bibi huyo ni mjane wa miaka mingi. Katika mwezi mmoja alitembelewa na wanafunzi wawili. Wa kwanza alitaka kujua mvua ilinyesha lini, gunia ngapi zilivunwa na mbuzi wangapi waliuzwa. Wa pili alifika siku niliyokuwapo mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umekuja na karatasi?"

Kijana akacheka, akaeleza kwamba angependa kujua shamba la marehemu lilikwenda kwa nani baada ya mazishi.

"Mwenzako wa juzi aliniuliza mbuzi," akasema bibi. "Wewe waniuliza shamba. Huko chuoni hamzungumzi?"

Kijana akajitetea kwamba yule anasoma uchumi na yeye anasoma sheria. Bibi akamtengea kigoda, akajibu yote aliyoulizwa, lakini niliona wazi kwamba jibu lile halikumridhisha. Nami, kwa kweli, sikuridhika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kadiri kazi ya gazeti inavyoniruhusu, yale ambayo wataalamu wa fani mbalimbali wameandika juu ya maisha ya mama mzee wa Usukuma, na hayo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Nianze na lile lililo zito kuliko yote. Kwa mujibu wa hesabu zilizochapishwa na Simeon Mesaki, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo yaliyohusishwa na uchawi. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea Usukumani. Serikali ilijaribu kuyakomesha kwa mkono wa nguvu. Mwaka 1976 watu wengi walikamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, na mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika.

Kila mkazi wa Mwanza amesikia kwamba bibi hushukiwa kwa sababu ya macho mekundu. Jambo wasilopenda kulisema ni kwamba macho hayo yamepikia familia kwa miaka hamsini. Katika nchi iliyokatwa miti, mama hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na moshi wake hauna huruma. Ndiyo sababu katika baadhi ya vijiji mashirika ya kusaidia wazee yalianza na kazi ya kujenga majiko yasiyo na moshi mwingi.

Lakini moshi peke yake hauui mtu. Mesaki, katika tasnifu yake ya mwaka 1993, aliuliza swali la mwanahistoria: kwa nini mauaji yalizidi wakati huu, wala si zamani ambapo imani hizo hizo zilikuwapo? Akageukia mabadiliko ya maisha. Zamani kaya za Kisukuma zilitawanyika, na aliyechukiwa na majirani aliweza kuhama au kufukuzwa na mtemi, akaokoa roho yake. Utawala wa watemi ulikoma mwaka 1963. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu wakasogezwa pamoja, mlango kwa mlango, na wale wasiopatana. Vijiji vilileta shule na zahanati, na mimi mwenyewe ni mtoto wa shule hizo, kwa hiyo siandiki haya kwa kubeza. Lakini mama aliyetuhumiwa hakuwa na pa kwenda tena.

Sasa tumwendee mchumi. Kabla ya kumfikia yule ninayemkusudia, nipitie Ukiriguru, kusini mwa mji wetu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake limo katika mbegu za pamba ziitwazo UK. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi hapo mchumi wa kilimo, Michael Collinson. Mabwana shamba walikuwa wakilalamika kwamba mkulima wa Kisukuma hasikii: huambiwa apande pamba mapema, naye huichelewesha. Collinson hakutosheka na lawama hizo. Alifuatilia kazi ya mashamba yenyewe, nani analima nini, siku gani na kwa mikono mingapi. Akaona kwamba mvua za kwanza zinapofika mkulima hutanguliza chakula, kwani pamba hailiwi. Huo haukuwa ukaidi, ilikuwa hesabu ya mtu anayeijua njaa. Njia ile ya kumwuliza mkulima kabla ya kumshauri ilikuja kuenea katika nchi nyingi, na wachache Mwanza wanajua kwamba mojawapo ya chimbuko zake ni hapa.

Njaa hiyo ndiyo iliyomleta mchumi wa pili, Edward Miguel wa Marekani. Alikusanya habari za vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga na sasa imo Mkoa wa Simiyu, akaweka mvua upande mmoja na mauaji upande wa pili. Matokeo aliyachapisha mwaka 2005. Katika miaka ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yalikuwa maradufu ya yale ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao.

Niliposoma hayo niliiweka karatasi mezani nikatoka nje. Maana yake, msomaji, ni kwamba mvua inapokosekana, katika nyumba maskini mno mdomo mmoja huonekana umezidi, na uchawi ndilo jina linalopatikana. Miguel hakuishia hapo. Alitaja mfano wa Afrika ya Kusini, ambako mauaji kama hayo yalipungua baada ya wazee wengi zaidi kupewa pensheni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwani bibi anayepokea fedha kila mwezi hawi mzigo nyumbani. Kwa upande wetu, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi.

Hata hivyo mvua humnyeshea baba mzee pia. Kwa nini basi ni mama? Hapo mchumi hana budi kumpisha mwanasheria.

Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika pamoja na Hartnoll kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945, na mwaka 1953 akatoa cha mila za Wasukuma. Alikaa na watemi na wazee wa mabaraza, akauliza, akaandika. Ilikuwa kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini desturi ambayo barazani iliweza kulegezwa kwa mazungumzo, ilipoingia kitabuni ikakauka. Cory alifariki mwaka 1962, na mwaka uliofuata Serikali ilipotangaza sheria za mila kwa maandishi, kazi yake ilikuwa miongoni mwa misingi yake. Humo mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, lakini si kuiuza. Mjane hakuwa mrithi wa mumewe.

Mwaka 1988 mama mmoja wa Wilaya ya Muleba, aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki, na Mahakama ya Mwanzo ikautangua uuzaji huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwezi wa Februari 1990 Jaji alisema kwamba tangu haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, sheria haiwezi tena kumbagua mwanamke katika kuuza ardhi, akampa mama yule haki sawa na ya mwanamume. Hukumu hiyo, iliyotolewa katika mji huu wetu, husomwa leo na wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi. Kesho ukiwakuta wenyeji mia moja sokoni, sijui kama kumi wataijua.

Wala hukumu hiyo haikumaliza mambo. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa na shemeji zao katika nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria ya mirathi ya Kisukuma. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba sheria hiyo ina ubaguzi lakini haikuifuta. Wajane hao walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba wamenyimwa haki zao.

Huenda utasema: je, mtu wa fasihi ana nini cha kuongeza hapa? Panda meli ya kwenda Nansio. Huko Ukerewe aliishi Aniceti Kitereza, mtu asiye na shahada ya chuo chochote, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mke hazai, ndugu za mume wanamtukana, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume anakwenda kumwomba, akatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Ndani yake mna dawa, kilimo, uvuvi, mashauri ya wakwe, yote kwa utulivu wa mtu aliyeketi akasikiliza. Hakuna takwimu hata moja, na bado sijasoma pengine palipoeleza vizuri zaidi jinsi mwanamke anavyoweza kuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kitereza alikitafsiri kwa Kiswahili, akangoja. Kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwenyewe akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Kungoja huko ndiko kunakonisumbua. Tasnifu ya Mesaki, makala ya Miguel, vitabu vya Cory, hukumu ya Mwalusanya, vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na vimelala katika maktaba ambazo bibi wa Magu hatazifikia. Aliyetoa majibu ndiye wa mwisho kuyasikia.

Mwezi uliopita tulikwenda kumsalimu. Baada ya salamu na uji, akauliza kama ninawafahamu walimu wa wale vijana wawili. Nikamwambia ninamfahamu mmoja.

"Basi mwambie," akasema, "yule wa mbuzi aliahidi kurudi kunisomea aliyoandika. Kama kamaliza, aje kabla ya palizi, maana palizi ikianza hatanikuta nyumbani."