Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni: Pikapu Ndogo ya Dizeli na Soko la Marekani

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aghalabu methali hii huitumia kumrejelea mtu ambaye hajayazoea mazingira aliyomo na ambaye ugeni wake hauwezi kufichika. Sidhani kwamba walioitunga walikuwa na biashara ya magari akilini mwao. Hata hivyo, sijaona kauli inayosadifu zaidi hali ya pikapu ndogo ya dizeli kila inapojaribu kuingia katika soko la Marekani. Kamba iliyoifunga mguuni imedumu tangu mwaka 1964, na la kustaajabisha zaidi ni kwamba kamba yenyewe ilisokotwa kwa ajili ya kuku.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa pikapu ndogo ya dizeli ni kitu gani. Ndiyo ibebayo kabeji kutoka shambani, saruji kutoka dukani na, inapobidi, jeneza kutoka hospitalini. Toyota Hilux na Isuzu D-Max ni majina anayoyajua hata mtoto wa shule ya msingi. Lakini mkulima wa Iowa au fundi wa mabomba wa Ohio akitaka kununua gari kama hilo likiwa jipya, hatalipata. Huyu ni raia wa nchi inayozipenda pikapu kuliko nchi nyingine yoyote. Nchi ambamo pikapu kubwa za Ford za mfululizo wa F zimeongoza mauzo ya magari ya aina hiyo tangu mwaka 1977. Je, ilikuwaje taifa linalojinadi kuwa bingwa wa soko huria likawanyima wananchi wake gari ambalo maskini wa mataifa mengine wanaliona la kawaida?

Jibu jepesi, na ambalo wengi hulitoa, ni kwamba Wamarekani wanapenda vitu vikubwa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Kamba ninayoizungumzia ina mafundo matatu, na ni vyema tuyachunguze moja baada ya jingine.

Fundo la kwanza ni la ushuru. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, wafugaji wa Marekani walikuwa wamevumbua njia za kufuga kuku kwa wingi na kwa gharama ndogo, nao wakaimwaga nyama hiyo katika masoko ya Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa Ulaya walilalamika, na mnamo 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku wa kigeni. Mazungumzo yaliposhindwa kuzaa matunda, Rais Lyndon Johnson alilipiza kisasi. Mnamo Desemba 1963 alitia saini tangazo la kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa nne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Ushuru huo ulianza kutozwa Januari 1964. Malori yaliyolengwa yalikuwa yale ya Volkswagen ya Ujerumani, yaani vigari vya mizigo na pikapu zilizotokana na basi lake dogo mashuhuri.

Ugomvi wa kuku umekwisha zamani. Bidhaa tatu miongoni mwa zile nne zilifunguliwa. Malori mepesi pekee ndiyo yaliyosalia kifungoni, na Wamarekani wenyewe wakaupa ushuru huo jina la mzaha: ushuru wa kuku. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi; na nyasi hapa ni Wajapani, Wathai na Wahindi ambao hawakuwamo kabisa katika vita hivyo, pamoja na wanunuzi wa Marekani kwenyewe.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoingia, kwa kuwa kwa miongo mingi gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 tu ilhali lori jepesi lilitozwa asilimia 25. Tofauti ya mara kumi ilitegemea jibu la swali ambalo ni la kisemantiki: lori ni nini? Ni umbo lake? Ni kazi yake? Au ni nia ya aliyeliunda?

Wafanyabiashara hawakukawia kulijibu swali hilo kwa namna iliyowafaa. Katika miaka ya sabini, pikapu za Chevrolet LUV zilizoundwa na Isuzu na zile za Ford Courier zilizoundwa na Mazda ziliingizwa Marekani zikiwa na kichwa na fremu tu, bila karo la mizigo. Gari lisilo na karo halikuhesabiwa kuwa lori kamili, kwa hiyo lilitozwa asilimia 4. Karo lilifungwa baada ya kushuka melini. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1980. Subaru nayo ilichukua pikapu yake iliyoitwa BRAT, ikafunga viti viwili vya plastiki ndani ya karo la nyuma, vikiwa vimeelekea nyuma, ikadai kwamba hilo ni gari la abiria. Dai hilo lilikubaliwa. Rais Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na gari la aina hiyo kwenye ranchi yake.

Kisa cha kampuni ya Ford ndicho kinachofaa kufundishwa darasani. Ford iliyaleta magari yake ya Transit Connect kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma na madirisha, yakaingia kwa asilimia 2.5 kama magari ya abiria. Punde yalipovuka forodha, viti viling'olewa, nayo yakauzwa kama magari ya mizigo. Serikali ilisema huo ni ujanja. Kesi ilipofika katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, majaji waliamua dhidi ya kampuni, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Hatimaye, mnamo 2024, Ford ilikubali kulipa dola milioni 365. Hizo ni fedha zilizolipwa kwa ajili ya fasili ya neno moja. Mwanafunzi anayedhani kwamba taaluma ya maana ni mchezo wa wasomi wasio na shughuli na ayatafakari hayo.

Fundo la pili ni la mafuta. Mtetezi wa ushuru anaweza kuniuliza: iwapo ushuru ndio kizuizi, mbona pikapu ndogo za dizeli ziliwahi kuuzwa Marekani ushuru ukiwapo? Swali lake ni la haki. Baada ya misukosuko ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, Mmarekani alianza kuhesabu kila galoni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini aliweza kununua pikapu ya dizeli ya Toyota, Nissan, Isuzu, Mazda au Mitsubishi. Volkswagen iliziunda zake katika jimbo la Pennsylvania, na Ford ikaweka injini ya dizeli katika Ranger yake. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka mwaka 1986, na hamu ya dizeli ikaporomoka pamoja nayo. Fauka ya hayo, injini za dizeli ambazo General Motors ilizitia katika magari yake ya abiria kuanzia mwaka 1978 zilikuwa zimeharibika mno hata jina la dizeli likaingia doa. Serikali kuu pia huitoza dizeli kodi ya senti 24.4 kwa galoni, ilhali petroli hutozwa senti 18.4. Kwa dereva wa gari dogo, faida ya dizeli humezwa kabla hajaionja.

Fundo la tatu ni la moshi, nalo ndilo gumu zaidi kufunguka. Kwa muda mrefu sheria za Ulaya ziliiruhusu dizeli kutoa oksidi za nitrojeni nyingi kuliko petroli. Kanuni ambazo Marekani ilianza kuzitekeleza mwaka 2004 hazikuitofautisha dizeli na petroli; kila gari dogo lilitakiwa kufikia viwango vile vile. Mwaka 2006 dizeli yenye salfa kidogo mno, isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilianza kuuzwa, na hiyo ikafungua njia ya vichujio vya masizi na mitambo ya kunyunyizia urea katika moshi. Mitambo hiyo ni ghali. Katika pikapu kubwa ya dola nyingi, gharama yake hufichika. Katika pikapu ndogo ambayo sifa yake kuu ni urahisi wa bei, gharama hiyo huua sababu ya kuwapo kwake.

Kampuni ya Mahindra ya India ilionja uchungu huo. Ilikusudia kuuza Marekani pikapu yenye injini ya dizeli ya lita 2.2, na wafanyabiashara kadhaa walilipa ada ili wapewe haki ya kuiuza. Miaka ikapita. Idhini ya shirika la mazingira ilipopatikana mwaka 2010, matumizi ya mafuta hayakufikia maili 30 kwa galoni zilizokuwa zimetarajiwa, ushirikiano wa Mahindra na msambazaji wake ulikuwa umevunjika, na mambo yakaishia mahakamani. Miaka mitano baadaye, Septemba 2015, ikafichuka kwamba Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu ya kuwahadaa wapimaji wa moshi. Takriban magari milioni 11 yalihusika ulimwenguni kote. Tangu hapo, kumshawishi Mmarekani wa kawaida kwamba dizeli ni safi ni sawa na kumtwanga maji kinuni.

Hata pikapu zisizo za kigeni hazikusalimika. Chevrolet Colorado, iliyoundwa Missouri, ilipewa injini ya dizeli ya lita 2.8 kuanzia toleo la 2016. Injini hiyo iliondolewa baada ya toleo la 2022. Jeep Gladiator ya dizeli nayo ilikomeshwa mwaka 2023. Ikiwa mwana wa nyumbani, asiyetozwa ushuru, ameshindwa kuishi, mgeni atawezaje?

Je, mahitaji hayapo? Ushahidi unaonyesha yapo. Ford ilipoanza kuuza pikapu ndogo ya Maverick mwaka 2021, ikiwa na injini mahuluti ya petroli na umeme, oda zilikuwa nyingi hata kampuni ikasitisha kwa muda kupokea oda mpya mapema mwaka 2022. Maverick huundwa Hermosillo, Meksiko, nchi ambayo mkataba wa biashara ulioanza mwaka 1994 uliifungulia njia ya kuukwepa ushuru wa kuku. Aidha, wako Wamarekani wanaoagiza vipikapu vikuukuu kutoka Japani, kwa sababu sheria yao inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza kanuni za usalama za magari mapya. Hapa pana kinaya: Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane kwa kuwa limezeeka, ilhali Marekani hulikataa kwa kuwa halijazeeka vya kutosha.

Nionavyo mimi, basi, pikapu ndogo ya dizeli kutoka ng'ambo haina mustakabali wa maana nchini Marekani. Mwaka 2018 Marekani ilijadiliana upya na Korea Kusini, na ushuru wa malori uliokuwa uondolewe mwaka 2021 ukasogezwa hadi 2041. Mnamo Aprili 2025 serikali ya Rais Donald Trump iliongeza ushuru mwingine wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, ingawa baadaye baadhi ya mataifa yalipunguziwa. Mafundo hayo matatu yanashikana: ukilegeza la ushuru, la moshi linakaza, ukilipa gharama za moshi, bei ya mafuta inakunyang'anya faida. Pikapu ndogo huenda ikarudi, lakini itakuwa ya mahuluti au ya umeme, na itaundwa Amerika Kaskazini.

Sisemi kwamba ushuru haukumnufaisha yeyote. Nissan ilipofungua kiwanda chake Smyrna, Tennessee, gari la kwanza kutoka humo mwaka 1983 lilikuwa pikapu, na maelfu ya watu wamepata riziki hapo. Wala sisemi kwamba kanuni za moshi ni mbaya. Mapafu ya watoto ni muhimu kuliko faida ya msafirishaji. Ninachosema ni kwamba kanuni ya moshi ina sababu inayoweza kutajwa hadharani leo, ilhali ushuru wa kuku hauna. Sababu yake ilikufa, wenyewe wakabaki. Waliozoea kinga hawako tayari kuiacha, na anayeilipia ni mkulima na fundi mdogo ambaye hana mtetezi katika kumbi za sheria.

Nasi tusiwacheke Wamarekani. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipoanzisha ushuru wa pamoja mwaka 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika ziliwekewa asilimia 25, kiwango kile kile cha Johnson. Huenda zipo sababu njema. Lakini walimu wetu na wawafundishe wanafunzi kuuliza maswali mawili kila waionapo sheria ya namna hii: maneno yake yamefasiliwaje, na siku yake ya mwisho ni ipi? Sheria isiyojibu swali la kwanza huzaa ujanja wa viti vya plastiki. Isiyojibu la pili hugeuka kamba mguuni mwa kuku ambaye hata hakuwako siku ya ugomvi.