Fahamu: Mali hugawanywaje baada ya talaka Tanzania?

Mali ya ndoa ni nini?
Ni mali waliyochuma wanandoa kwa juhudi za pamoja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kuigawa inapotoa talaka. Si lazima iwe nusu kwa nusu: huangaliwa mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Kazi za nyumbani zinahesabiwa?
Ndiyo, na hapa ndipo wanawake wengi hupoteza haki yao kwa kutojua. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kuwa kazi za nyumbani na matunzo ya familia ni mchango katika kuchuma mali.

Uanzie wapi?
Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Wakati huo kusanya ushahidi wa mchango wako: risiti, hati za kiwanja na taarifa za benki, zikiwemo za akaunti ya pamoja. Kisha, kwa kuwa sasa utategemea kipato kimoja, panga upya bajeti: kodi, chakula, ada, marejesho ya kikoba.